Mlango Uliozibwa

Saruji ndiyo adui, namwambia Elspet Geddes,
naye kashika ufunguo kwa mikono miwili
kama aliyepewa samaki mkubwa.
Saruji haipumui. Waliipaka mwaka wa hamsini na mbili
kwa nia njema na ngazi ya kuazima,
na tangu siku hiyo ukuta unakunywa mvua
usiweze kuitema.

Mimi mwashi. Sisali humu, wala kwingine.
Lakini mawe nayasoma.
Haya ya chini, mapana, ni ya watawa.
Hili la kizingiti lilichongwa kabla yao,
nusu ya msalaba wa mafundo, umelazwa ubavu;
nusu ya pili sijui inashikilia zizi la nani.
Kisha wakaja wenye ndoo za chokaa,
wakawafuta watakatifu, hata yule mwenye gurudumu,
wakaihamishia mimbari katikati ya ukuta mrefu
ili neno lisichelewe kumfikia mtu yeyote.
Bwana mwenye mashamba akajijengea roshani
yenye meko yake, na mlango wake,
asigusane mabega na wanaomlimia.
Na nje, kando ya mlango wa watu,
pete ya chuma ya kufungia shingo za wakosaji.
Ina kutu, lakini bado inafungika.
Nilijaribu.

Jumanne ukungu ulikaa Kilbrennet hadi saa sita.
Nilikuwa upande wa kaskazini, nabandua saruji,
nikaona tao.
Chini ya tao, mawe yamejazwa ovyo,
makubwa juu, madogo chini.
Hiyo si kazi ya mwashi.
Ni kazi ya mtu mwenye hasira na jioni moja tu.

Nyuma ya jiwe la tatu palikuwa na kifuko cha ngozi
kigumu kama kwato.
Ndani, vipande vya risasi, si ya bunduki,
kila kimoja upana wa ukucha wa dole gumba,
kimepigwa herufi K.

Elspet akakaa juu ya kaburi la mtu.
“Vibali,” akasema. “Vya meza ya Bwana.
Bila hiki hupewi mkate.”
Akavihesabu. Akavihesabu tena.
Arobaini na kimoja.

“Hawa ndio waliotoka.
Bwana aliwaletea mchungaji wasiyemtaka,
wakainuka zaburi ikiwa katikati,
wakapita hapa, wote, na watoto,
wakasali majira mawili ya baridi kwenye zizi la kondoo.
Waliobaki wakaziba mlango
wasije wakarudi walikotokea.”

“Na vibali nani kaviweka?”

“Ningejua ningekwambia.
Wa kwetu walitoka. Wa mume wangu walibaki.
Siku ya harusi yangu mama yake alikaa na kofia kichwani,
miaka zaidi ya mia imepita, mwanangu,
na hakugusa chakula.”

“Hata kidogo?”

“Chai.”

Siku hizi Jumapili wanakuja tisa,
wa tisa ni mpiga kinanda, naye analipwa.
Mnunuzi kutoka Glasgow ameshapima:
jiko la kupikia anataka pale penye mimbari.
Kengele haitaki. Imepasuka, inalia kama sufuria.

Elspet akachukua kibali kimoja,
akakiuma kama sarafu,
akakitia mfukoni mwa aproni.
“Vingine virudishe.”
“Ni mali ya makumbusho,” nikasema.
Akanitazama.

Nikachanganya chokaa, moja kwa mchanga tatu,
na maji kwa jicho, kama nilivyofunzwa.
Ufa wa ukuta naujua dawa yake.
Nikapanga mawe vizuri safari hii, makubwa chini.
Katika daftari la kazi nikaandika:
mlango wa kaskazini, umejazwa upya.
Sikuandika zaidi.

Chokaa mbichi haitaki baridi.
Usiku barafu ikaanza kushika kwenye nyasi,
nikatoka kitandani, nikarudi na magunia manne
na tochi,
nikaufunika ukuta.